Samadi ya kiroba pale Mwenge, Dar: nzuri, ila ichambue kwanza

Jamani wapenda bustani, kile kiroba cha samadi cha elfu tano wanachouza barabarani Mwenge kiukweli kiko poa, imeoza vizuri, hainuki, mchicha wangu umenona balaa. Ila ukikimwaga utakuta mafunza meupe manene yamejikunja, usipaniki wala usikimbilie kupuliza dawa. Weka moja sakafuni, likigeuka likatambaa kwa mgongo miguu juu, hilo la dundu wa maua, linakula vilivyooza tu na linakusagia mbolea bure, liache. Likiwa kubwa kupita kidole gumba na haliendi kwa mgongo ndo uwe makini, linaweza kuwa la chonga, yule dundu mwenye pembe, akikomaa anatoboa kilele cha mnazi, makuti yakifunguka yana mikato ya V, watu wa Kigamboni wanamjua. Na wote hao ukoo mmoja na wale dundu wanaobingirisha mavi ya ng'ombe, ukoo una spishi karibu 30,000 aisee! Muuzaji nilipomuuliza akasema "dada hizo vitamini" 😂 Nyota tatu, hawachekechi kabisa. Mwenye kuku anafaidi zaidi, mafunza anawapa kuku.