Kozi ya kubadilisha rangi ya karata: nimelipa, nikauliza swali moja, nikatukanwa

Hii hasira ninayo tangu kabla ya mvua, leo naitoa. Nilinunua kozi ya kiinimacho cha karata kwa jamaa mmoja yuko Dar, hela unatanguliza, video anakutumia kwenye simu. Nilitaka kitu kimoja tu, ile ya kubadilisha rangi, saba ya kopa iko juu kila mtu anaiona, mkono unapita, inakuwa shupaza.

Nisimnyime haki yake. Video ya kwanza, ya kualisha vidole, kafundisha vizuri sana jamani. Unashika karata mbili kama moja, zimelingana hamna ukingo unaochungulia, ukialisha vidole ya mbele inarudi kiganjani na ya pili ndo inabaki machoni pa watu. Nilifanya wiki nzima mpaka gumba likachubuka, na karata zetu hizi za karatasi zikipata unyevu wa ziwa zinavimba hazilingani kirahisi. Siku ilipotoka nilipiga kelele peke yangu chumbani. Hapo ningempa nyota zote.

Shida ikaja ya pili, ya kupitisha mkono. Unaiba karata kwenye fungu, unaificha kiganja cha kulia, mkono ukipita unaiacha juu. Sasa yeye kamera kaiweka mbele moja kwa moja, kwake inapendeza, ila mimi nafanyia barazani Mwanga, huku Kigoma, watu wamekaa pande zote, na mtoto wa dada angu alikuwa kushoto kwangu akaropoka "mjomba, ipo mkononi!" Nikamuuliza mwalimu kwa adabu zote, kaka, aliyekaa kushoto namfanyaje, nigeuze mwili au nilaze kiganja? Siku zikapita, ndo inakuja voisi, eti nyie huko mwisho wa reli mmezoea uganga mnataka vitu vitokee vyenyewe, hii ni sanaa. Nikamjibu, akanibloku.

Mimi mzaliwa wa Ujiji. Jioni ngapi nimekaa na bibi yangu namfunulia kiganja aone karata ilipo, asije akadhani nimeingia mambo ya giza, namwambia bibi ni vidole tu hivi, ni mazoezi, halafu mtu niliyemlipa mimi mwenyewe ndo ananiita wa uganga? Na hizo "siri zangu" anazozitangaza, mbinu za kupitisha mkono zimo kwenye The Expert at the Card Table cha S. W. Erdnase, kimetoka Marekani mwaka 1902 na kipo bure intaneti. Kiingereza chake cha zamani kigumu, sikatai, ndo maana mtu wa kukufundisha kwa Kiswahili ni wa thamani sana, na ndo maana imeniuma hivi.

Nilikaa kuandika nikitaka kusema nunueni kwa ajili ya ile ya kwanza. Hapana, nikiikumbuka ile voisi, msinunue.

Jibu nimelipata kwa dogo. Kila jioni namkalisha palepale kushoto, nageuka kidogo kumwelekea mpaka mgongo wa mkono ndo anaouona, narudia, anasema naiona, narudia, naiona. Juzi akanyamaza, akainuka akaja kunishika mkono aufungue mwenyewe, karata ilikuwa imeshatua juu ya fungu zamani.