Kozi ya GIS ya siku tano: nilifundishwa kuchora nyufa

Naandika hasira bado haijaisha, mnisamehe nikizidisha.

Miezi kadhaa iliyopita nililipia mafunzo ya GIS, yaani kazi ya ramani kwa kompyuta, kwa kutumia programu iitwayo QGIS. Mtoaji simtaji. Programu yenyewe ni ya bure, yeyote anaipakua, kwa hiyo kitu pekee nilichokuwa nanunua pale ni maarifa ya mwalimu. Hilo mlishike.

Kilichonipeleka ni kazi ya kuchora mashamba ya kitongoji kimoja mkoani Morogoro, juu ya picha ya satelaiti na pointi za GPS ya mkononi, kwa ajili ya hati za hakimiliki za kimila. Mashamba yamebanana, hakuna njia katikati, jirani na jirani wametenganishwa na mstari wa minyaa basi. Siku ya pili nikauliza: "Mwalimu, nikimaliza shamba la kwanza, la pili naanzia wapi? Maana mpaka ni uleule."

Akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Fuata mstari wa kwanza, dada. Vuta karibu, tuliza mkono, utapatia."

Nikamwambia mkono wa mtu haupiti palepale mara mbili. Darasa likacheka. Akaweka simu chini: "Dada yangu, wewe chora. Topolojia waachie wataalamu." Topolojia yenyewe ndiyo hiyo niliyokuwa nauliza: maumbo jirani yanavyogusana na kushiriki mpaka.

Sasa mimi nililipa ili niwe nani? Na chai yao ilikuwa baridi siku zote tano, niliseme na hilo.

Nikachora kwa macho. Mashamba 212. Kwenye skrini yakapendeza kweli, nikapeleka kifua mbele. Ofisini kwa watoa hati nikampata mzee mmoja mpole. Hakunigombeza. Akavuta karibu, akavuta tena, mpaka ule mpaka uliokuwa mstari mmoja ukaachana kama mlango wenye bawaba mbovu: mistari miwili, katikati weupe. Akahamia kona nyingine, kule ni kinyume, shamba la huyu limemlalia mwenzake.

"Mwanangu, huu ufa ni wa nani? Na hapa tukitoa hati, huyu mjane na jirani yake wote watashika karatasi ya ardhi ileile."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame, ila ilishapasuka tayari, pale kwenye skrini, kwa mkono wangu. Na kinachoudhi zaidi, nilikuwa nimejumlisha maeneo kabla ya kupeleka na jumla ilikaribiana na eneo la kitongoji. Nyufa zinapunguza, kupandana kunaongeza, vinafidiana, nawe unajiona umepatia.

Dawa yake mnaijua? Kitufe chenye picha ya sumaku. Ukikiwasha, ukikaribia kona ya jirani, kielekezi kinanasa kwenye kona ileile, si kando yake. Karibu yake kuna kingine kinachozuia poligoni, yaani maumbo yaliyofungwa kama haya ya mashamba, kupandana: unachora ovyo ukiingia kwa jirani, ukimaliza programu yenyewe inakata ulichozidisha na kukufuatisha mpaka wake. Kuna na uhariri wa kitopolojia, ambao ukiuwasha, ukisogeza kona ya pamoja mashamba yote yanayoigusa yanasogea nayo. Vitufe vitatu! Kuvieleza ni dakika kumi, na siku tano hazikutosha. Programu nayo ina lawama yake kidogo, maana kwenye mradi mpya sumaku huikuti imewashwa, na mgeni atajuaje.

Mzee ndiye aliyenionyesha, amesimama nyuma ya kiti changu, bila malipo. Akanishauri pia nisirekebishe nyufa mojamoja. Nikafuta mashamba yote niliyochora. Nikachora kitongoji kizima kama poligoni moja, nikaanza kukikata kwa kifaa cha kugawa, kipande kwa kipande. Ukikata mara moja pande zote mbili zinapata mpaka mmoja, ufa utoke wapi? Sharti mstari wa kukatia uanzie nje ya poligoni na uishie nje, la sivyo haikati. Na angalieni majina: kila kipande kinarithi taarifa za poligoni mama, nusura nimpe mtu mmoja mashamba manne. Mwisho nikaendesha kikaguzi cha topolojia, kanuni mbili tu, pasiwe na nafasi wala kupandana. 

Sasa nijipinge. Yule mwalimu siku ya kwanza alitushikilia kweli tuweke UTM kanda ya 37 Kusini, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kabla ya kuchora chochote. Nilimwona msumbufu. Baadaye mwenzangu mmoja aliyechora kwa nyuzi, yaani digrii za latitudo na longitudo, akaweka umbali wa kunasa, ule ambao sumaku inaanza kuvuta, kuwa 5, akidhani ni mita. Nyuzi 5 ni zaidi ya kilomita 500! Kutoka Morogoro unanasa mpaka Mombasa. Kielekezi kikawa kinarukarukia kona za mashamba ya watu, haoni pa kukituliza. Mimi hayo hayakunipata, na sifa hiyo ni ya mwalimu, siwezi kumnyima. Nilitaka kumpa nyota moja, nikapandisha mbili, na nikikumbuka siku ile ya UTM hata tatu anazistahili. Pengine alikuwa amechoka. Watu ishirini, kompyuta nusu zinaganda, nani hachoki.

Basi jana nikamtumia picha ya ule ufa kwa WhatsApp, kwa heshima kabisa: "Shikamoo mwalimu, tafadhali darasa lijalo waonyeshe sumaku."

Tiki zikawa bluu. Baada ya saa mbili akajibu kwa dole gumba, na chini yake tangazo la kozi ya juu ya topolojia, ada mara mbili ya ile.

Nyota moja.