Walipaka rangi juu ya ukungu, wakaniambia niache kuunusa

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aende zake: msiwape kazi. Ile kampuni inayojitangaza mitandaoni kwamba inaondoa ukungu ukutani, inaua harufu na inatoa garantii, yenye picha za "kabla" na "baada" zinazong'aa, msiwape. Mbele huko nitasema neno zuri juu ya mmoja wao, lakini kwa sasa hukumu ndiyo hiyo.

Nakaa Upanga, kwenye zile ghorofa za zamani ambazo mabomba yamefukiwa ndani ya kuta na hakuna aliye hai anayejua yanapita wapi. Wakati wa masika ukuta wa chumba cha mwanangu ulianza kutuna. Rangi ikavimba ikabanduka, plasta ikawa inadondosha unga, na siku tuliposogeza kabati tukakuta nyuma yake pameota weusi kuanzia chini hadi karibu na dari. Harufu yake kila aliyewahi kuanika nguo ndani wakati wa mvua anaijua.

Mwanangu ana pumu. Ilikuwa imetulia muda mrefu, hata pampu tulikuwa hatukumbuki tumeiweka wapi. Sasa akilala chumbani kwake anakohoa hadi alfajiri na kifua kinapiga filimbi. Akilala kwa bibi yake Mbagala, kimya. Daktari alipomsikiliza hakuanza na dawa. Aliuliza kama nyumbani kuna ukuta uliolowa.

Basi nikawapigia hao wataalamu. Walikuja msimamizi na vijana wawili, ovaroli safi, mtungi wa kupulizia mgongoni. Kwa kweli nilifurahi. Wakapuliza dawa ambayo kwa harufu yake ni Jik tu iliyoongezwa maji, wakapangusa weusi kwa kitambaa, na alasiri hiyohiyo wakafungua ndoo ya rangi ya kuzuia fangasi. Nikaweka kiganja ukutani, kikatoka na maji.

"Fundi, huu ukuta haujakauka."

Msimamizi hakuinua macho kwenye simu yake. "Rangi hii dada inakaushia humohumo."

"Na maji yanatoka wapi?"

"Hayo ya fundi bomba. Sisi tunadili na ukungu."

Nikamwambia harufu bado ipo, tena ipo sana. Ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu aingie kwangu, akasema, "Ukiacha kuunusa, hautanuka."

Vijana wakainamisha vichwa. Mimi nikabaki mdomo wazi, na hadi leo sijaufunga vizuri. Niache kunusa! Na mtoto je, nimfundishe asivute hewa? Nimekuja kukulipa fedha taslimu, nimekupa maji ya baridi, mama yangu amekukaribisha kiti, halafu tatizo ni pua yangu?

Haikupita muda madoa yakatokeza juu ya rangi yao mpya, safari hii yakiwa na ukingo wa manjano. Halikuwa jambo la ajabu, na mtu anayejiita mtaalamu alipaswa kulijua kuliko mimi. Ukungu hauhitaji mwaliko. Vijimbegu vyake vipo hewani kila mahali, vinachongoja ni maji. Kitu kikilowa na kisikauke ndani ya siku moja au mbili, vinaanza kuota: kwenye rangi, kwenye vumbi, kwenye karatasi ya jipsam, kwenye mbao laini ya mgongo wa kabati. Ukipuliza Jik kwenye ukuta wa plasta, weupe unaouona ni wa juu, kwa sababu plasta ina vitundu na yaliyo ndani yanabaki, huku maji uliyochanganyia dawa yakiongeza unyevu uleule. Na hata ukifaulu kuuua, ukungu uliokufa bado unachokoza pumu na mzio. Unatakiwa uondolewe, si kufichwa. Na kabla ya kuuondoa unaziba maji, kwani bila hivyo unalipia maonyesho.

Nilipowapigia kulalamika, mnajua walinipa nini? Ofa. Waje kupima hewa, kwa malipo tofauti, ili "tujue kiwango". Kiwango gani? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima juu ya unyevu na ukungu wa majumbani mwaka 2009. Limeeleza kikohozi, kifua kubana, pumu kuchochewa na hata kuanza, na maambukizi ya njia ya hewa, lakini halikuweka kiwango cha ukungu ambacho chini yake unalala salama. Linachosema ni kwamba zuia unyevu, na ulipoingia rekebisha. Ukutani kwangu ukungu unaonekana kwa macho na unanuka kutoka koridoni, wao wanataka kunipimia hewa.

Niseme haki kidogo, maana hasira isije ikanitia uongo. Si kila doa jeusi ni sumu, na rangi ya ukungu haikuambii ukali wake. Wengi wanaishi na unyevu miaka na wasipate zaidi ya mafua. Lakini mwenye pumu, mtoto mchanga, mzee, au mtu ambaye kinga yake ya mwili iko chini, huyo usimfanyie mzaha. Mdogo wangu anaishi Uingereza, ndiye aliyenikumbusha habari ya Awaab Ishak, mtoto wa wazazi kutoka Sudan aliyefariki Desemba 2020 huko Rochdale akiwa na miaka miwili. Mchunguzi wa vifo alitoa uamuzi mwaka 2022 kwamba kilichomuua ni matatizo ya kupumua yaliyotokana na kuishi muda mrefu kwenye ukungu wa nyumba waliyopanga. Baba yake alikuwa ameulalamikia ukungu huo tangu 2017, na akaambiwa apake rangi juu yake. Apake rangi! Wenzetu sasa wana sheria yenye jina la mtoto huyo, na tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za kijamii kule, yaani zile za kupangisha watu wa kipato kidogo kwa kodi nafuu, wakipata taarifa ya unyevu au ukungu wa hatari wanatakiwa wachunguze ndani ya siku 10 za kazi, na ikiwa ni dharura ndani ya saa 24. Mimi mwenye nyumba wangu nilipompigia alisema "tutaongea" na hatujaongea.

Sasa lile neno zuri. Mmoja wa wale vijana alirudi siku yake ya mapumziko, mwenyewe, bila ovaroli. Akamwamkia mama yangu, akavua viatu, akasema, "Samahani dada, siku ile nilitaka kusema nikashindwa." Akagonga ukuta kwa vidole kutoka chini hadi juu akisikiliza palipo patupu. Kisha akapanda kwa mzee wa ghorofa ya juu, akamwomba kwa adabu atuazime bafu, akamwaga huko maji aliyoyatia rangi ya bluu. Asubuhi yake bluu ikachungulia kwenye ukuta wa mwanangu. Kiungo cha bomba la maji ya bafuni kilikuwa kimeachia. Mzee wa watu alishtuka kuliko mimi, akachangia gharama bila kuombwa.

Bomba likazibwa kwanza. Kisha kijana akavaa barakoa na glovu, akafunga mlango wa chumba kwa nailoni ili vumbi lisisambae nyumbani, akatufukuza wote, akabandua plasta iliyolowa hadi kwenye tofali. Ukuta ukaachwa uchi kwa wiki kadhaa, madirisha wazi, feni inazunguka mchana kutwa, na siku za mvua tukawa tunakata tamaa kwa sababu hewa ya Dar yenyewe imelowa. Hakukubali kupiga plasta hadi ukuta ukauke. Nilimsihi, nilimkasirikia, hakukubali. Kabati tulitupa mgongo wake, godoro tulitupa zima, roho ikaniuma. Kabati lenyewe sasa tumelisogeza, halijagusana na ukuta. Mtoto amerudi chumbani kwake. Pampu ipo karibu, lakini anapitisha usiku mzima.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kulegeza. Nikajiambia, kampuni yenye kijana kama huyu haiwezi kuwa mbovu yote, tatizo ni yule msimamizi mmoja na mdomo wake. Nikawa nimekwisha kuandika nyota tatu. Halafu siku namlipa kijana nikamwuliza kwa nini hawafanyi hivi kwa kila mteja. Akacheka kwa aibu. Akasema waliambiwa wasizungumzie maji, kwa kuwa ukuta ukipona mteja hapigi tena simu.

Nimefuta zile nyota. Ningekuwa na uwezo wa kuwapa chini ya sifuri ningewapa. Kijana simtaji hapa asije akafukuzwa, lakini anayeishi jirani na ana ukuta unaolia aniulize pembeni nitamwelekeza. Na atakayeamua kuwaita haohao licha ya haya yote, basi awaulize kitu kimoja wakiwa bado mlangoni: maji yanatoka wapi? Wakisema si kazi yao, asiwafungulie.

Jana ofisi yao imenitumia ujumbe wenye heshima nyingi. Watanirudishia nusu ya malipo, kwa sharti niyaondoe maneno haya. Nimewajibu warudishe yote, na maneno yatabaki.