Ziara ya Île aux Aigrettes, Morisi: kisiwa cha ndege waliotoka vizimbani

Kisiwa cha Île aux Aigrettes, chenye hekta 26 na kilicho umbali usiofika kilomita moja kutoka pwani ya kusini-mashariki ya Morisi, hakiingiwi kiholela. Mgeni huvushwa kwa boti kutoka Pointe Jérôme, karibu na mji wa Mahébourg, kisha huongozwa kwa miguu na watu wa Mauritian Wildlife Foundation, taasisi inayokisimamia. Kwa anayetaka kuelewa kwa nini mimea na viumbe adimu huondolewa kwao na kulelewa kwingine, sijaona ziara inayofundisha vizuri kuliko hii.

Sababu kubwa ni njiwa wa waridi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki takriban 10 tu porini, kwa kuwa misitu ilikuwa imekatwa na panya, paka na nyani walikuwa wakiwamaliza mayai na makinda. Walionusurisha kizazi chao ni wale waliokuwa wakizalishwa vizimbani Black River, hapo hapo Morisi, na katika bustani ya wanyama ya Jersey, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ufaransa. Leo wamezidi 400, na kundi la kisiwa hiki lilianzishwa na ndege wa vizimbani baada ya panya kutokomezwa. Njiwa anapotua tawini, kifua chake cha waridi iliyopauka kikielekea kwako, utaona pete za rangi miguuni. Kwa pete hizo wahifadhi humtambua kila mmoja na kufuatilia nani ametaga na nani. Jambo hilo lina uzito, kwani kundi lililotokana na ndege wachache huelemewa na uzao wa ndugu kwa ndugu.

Naomba msomaji asikipite haraka kitalu cha miche. Abunusi wa hapa, Diospyros egrettarum, alikatwa kwa mbao na kuni hadi msitu ukabaki vipande, na kazi ya kuurudisha hufanywa mche kwa mche, sambamba na kung'oa magugu ya kigeni yanayoota upesi kuliko mti wowote wa asili. Kadhalika, mimea kadhaa ya visiwa hivi ina majani machanga yasiyofanana kabisa na ya mti mkubwa, hali ambayo watafiti wanaihusisha na kobe wakubwa waliokuwa wakiyala. Kobe hao wa asili walikwisha kutoweka, ndiyo maana wameletwa kobe wa Aldabra, ambao hula matunda ya abunusi na kuzisambaza mbegu zake. Mimi naona huu ni uamuzi wa busara, ingawa ni mnyama wa kisiwa kingine.

Anayetarajia ndege waliopangwa nyuma ya nyavu hatawapata. Hapa wako huru, na kinengenenge wa Morisi, mdogo na mwepesi, huhitaji subira.

Meli iitwayo Wakashio ilipokwama karibu na hapa mwezi Julai 2020 na mafuta yake kumwagika mwezi uliofuata, miche na baadhi ya ndege adimu walihamishiwa kisiwa kikuu kwa haraka. Mwulize mwongozaji wako habari hiyo mkiwa kitaluni, kwa sababu inaeleza kuliko bango lolote kwa nini akiba ya mahali pengine haiachwi hata baada ya msitu kuanza kusimama.