TAHADHARI waandishi: "mtaalamu" wa EPUB anauza picha za kurasa

Waandishi wenzangu, kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Dar akijinadi kwamba anageuza muswada wa Word kuwa EPUB, yaani faili la kitabu cha kielektroniki, ndani ya saa moja. Pesa anataka yote mbele, kwa simu. Dada mmoja tunayeandika naye ameshalizwa.

Faili alilopewa linaishia na .epub na linafunguka. Lakini ukikuza herufi kwenye simu, hazikui. Ukitafuta jina la mhusika, halipatikani. Nimelifungua kwa Calibre, programu ya bure: ndani hamna sentensi hata moja ya maandishi. Kila ukurasa umepigwa picha ukabandikwa, na namba zake za kurasa zimo. Kitabu cha picha cha watoto kinaweza kuvumilia mpangilio wa aina hiyo, riwaya haiwezi. EPUB ya riwaya inatakiwa iwe maandishi yanayojipanga upya kufuata upana wa kioo. Na msomaji asiyeona, anayetegemea simu imsomee, hapo haambulii kitu. Hilo ndilo limenikera kuliko yote.

Dada alipolalamika, akadaiwa pesa ya "marekebisho", kisha akafungiwa namba.

Huyo jamaa pia anatoza "ada ya ISBN ya Amazon", yaani ya namba ya utambulisho wa kitabu. Hakuna ada hiyo. Kwa kitabu cha kielektroniki, KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, haikulazimishi kuwa na ISBN; Amazon wenyewe hukipa namba yao, ASIN, bure. Na akisema akupandishie kitabu kwa akaunti yake, kataa kabisa, maana mrabaha huingia kwa mwenye akaunti.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya bila kumlipa mtu. Kwenye Word, weka kila kichwa cha sura kwenye mtindo wa Heading 1, kisha pakia faili Google Docs na ulipakue kama EPUB. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, nayo inatoa EPUB tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018. Ukiamua kumlipa fundi, bakiza nusu ya malipo hadi ukuze herufi kwenye simu yako, ubonyeze sura kwenye yaliyomo uone kama inakupeleka, na ulipitishe faili kwenye EPUBCheck, kikaguzi cha bure kinachoonyesha makosa yalipo.

Namba aliyopokelea pesa tumeiripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Aliyelizwa naye asifute ujumbe wa muamala wala lile faili. Vyote ni ushahidi.