HiAce H100 kwa kazi ya mzigo Unguja: lala chini kwanza, injini baadaye

Kwa mtu wa mzigo, awe anachukua samaki Malindi au magunia ya mwani Paje na Jambiani, HiAce ya Toyota ya H100, ile iliyoanza kutoka mwaka 1989, bado ndiyo gari tunayoipendekeza. Dereva anakaa juu ya tairi za mbele, pua ni fupi, kona za Ng'ambo anazikata bila kurudi nyuma mara tatu. Sakafu tambarare inachukua takriban tani moja. Nati nyingi zinafunguka kwa spana namba 10, 12, 14 na 17, na fundi wa kuijua hakosekani, iwe mjini, iwe shamba.

Wanunuzi wengi huanza kwa kusikiliza injini. Hapa kisiwani hilo ni kosa. Injini inatengenezeka, kilicholiwa na chumvi ndicho kinachomaliza pesa, kwa sababu chesesi ya gari hii imechomewa pamoja na bodi, huwezi kuifungua ukaweka nyingine. Lala chini na bisibisi. Gonga kwa mpini pale springi za nyuma zinaposhikiwa, kwenye matao ya tairi, na chini ya reli ya mlango wa kuteleza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu. Rangi ikiwa mpya, pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa: pasiposhika pana putti, ule udongo wa kuzibia bodi kabla ya rangi. Kisha inua zulia la nyuma. Gari iliyobeba madeli ya samaki huvujiwa na maji ya barafu yenye chumvi, yakalala chini ya zulia, na sakafu ikaoza ilhali juu inang'aa. Paipu za breki nazo zitazame kwa tochi urefu wote; yenye magamba ya kutu ibadilishwe kabla gari haijapakia.

Tukija kwenye injini, chagua dizeli iliyoandikwa 3L, ya cc 2,779, au 5L, ya cc 2,986, na hiyo 5L isiwe na herufi E. Isiyo na E pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haitaki kompyuta. Zenye turbo zina nguvu zaidi, lakini zikichemka silinda hedi hupasuka upesi, na safari ya Nungwi na mzigo kamili juani si mchezo. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, utazame maji. Mapovu yakipanda mfululizo, gesi inapenya kwenye gasketi au hedi ina ufa. Bei ishuke sana au uondoke. Mara nyingi chanzo ni maji ya visima vya pwani: yana chumvi, yanaziba njia za rejeta taratibu. Tumia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Na kwa kuwa injini iko chini ya viti vya mbele, hakuna anayeifunua ovyo, maji yanapungua bila mtu kujua. Funua kiti kila asubuhi. Ni dakika mbili.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, taa ya T-BELT hukumbusha. Kilomita za gari iliyokwisha pita mikono mingi usiziamini: badilisha siku ya kununua, pamoja na bea ya kuukaza. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni.

Ikisumbua kuwaka asubuhi, usikimbilie nozeli. Legeza koki iliyo chini ya filta ya dizeli, sukuma pampu ya mkono juu yake mpaka maji yaishe na itoke dizeli safi, funga, sukuma tena mpaka iwe ngumu. Ikilegea kesho yake, hewa inaingia kwenye hosi. Kagua klipu zote.

Kila baada ya mzigo wa samaki au mwani, osha chini kwa maji ya mfereji, si juu tu. Wapo wanaopaka oili chafu kwenye chesesi. Inasaidia, ila ikigusa bushi za mpira zinavimba na kulainika, na kwenye breki ni hatari kabisa. Mchanga kwenye reli ya mlango utoe kwa brashi kavu. Grisi nyingi inaukusanya, roda ya chini inasagika, mlango unaanza kuning'inia.

Yenye sakafu nzima na injini mbovu, inunue. Yenye injini tamu na matao ya putti, iache hata kwa nusu bei.