Gereji ya Mzee wa Bantam pale Katwe, Kampala: bado inafaa?

Tangu tumzike Mzee, watu wa klabu yetu ya pikipiki wananiuliza kitu kimoja tu, hiyo gereji yake bado ni ya kupeleka pikipiki ama twende tutafute kwingine. Jibu fupi: peleka, ila si kila kazi, na bei uliza kabla hawajashika spana.

Kwa ambao hawakumjua, Mzee alikuwa mtu wa pikipiki za zamani tangu ujana. Ufundi aliuanzia kwenye karakana za reli, enzi zile reli ya Afrika Mashariki bado ni moja, ndio maana Kiswahili chake kilikuwa cha amri amri tu, "leta, shika, toka hapo". Kwenye klabu mchango wake ulikuwa unachelewa kila mwezi lakini safari hakosi hata moja, tukienda Jinja yeye yuko nyuma kabisa na begi la vyombo, maana anajua kuna mtu atakwama msitu wa Mabira na kweli mtu anakwama. Na tukisimama Namawojjolo, pale pa vyakula vya barabarani, anakula gonja, zile ndizi za kuchoma, za watu wawili na hataki kuulizwa.

Mapenzi yake yalikuwa BSA Bantam, pikipiki ndogo ya zamani ya Muingereza. Ukikaa naye kidogo tu lazima akusimulie kwamba ile injini asili yake si ya Muingereza, ni DKW RT 125 ya Mjerumani, vita ilipoisha michoro ikachukuliwa kama fidia, BSA kule Birmingham wakaigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo ili gia ije mguu wa kulia walivyozoea wao, 1948 ikaingia barabarani, na Mrusi naye akatengeneza ya kwake, Harley-Davidson ya kwake, hata Yamaha pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya 1955, ni ya tumbo hilo hilo. Mwanaboda amekuja kubadilisha kebo ya klachi ya Boxer yake, pikipiki ya kawaida ya boda, dakika mbili tu, na bado hadithi yote ataisikia. Kuna kijana wa stejini aliomba kuijaribu Bantam, akafika karibu na ukuta akakanyaga mguu wa kulia akitafuta breki, kumbe pale ni gia, breki ya nyuma iko kushoto banange! Ukuta bado una alama.

Sasa kilichoifanya ile gereji iwe tofauti ni spana. Nati za pikipiki za zamani za Uingereza nyingi si za milimita, ukienda kwa fundi wa kawaida na nati ya bolti ya robo inchi ya Whitworth, kipimo cha zamani cha Muingereza, spana ya 13 haiingii, ya 14 inacheza, yeye anasukuma hivyo hivyo mpaka pembe zote zimeisha halafu anakuja na patasi. Mzee alikuwa na seti nzima ya Whitworth kwenye kitambaa chenye oili, na nati na bolti kwenye makopo ya Blue Band, kila kopo limeandikwa kwa rangi nyeupe ni la pikipiki gani na upande gani. Hayo makopo bado yapo, nimeyaona kwa macho yangu, familia haijauza kitu, na mimi nilikuwa naogopa hilo kuliko yote.

Anayeendesha gereji sasa ni kijana aliyekuwa anamsaidia. Nilimpelekea Bantam yangu ikiwa na tabia mbaya, ukiachia akseli injini haishuki inabaki inapiga kelele tu, na fundi mmoja huko mjini alikuwa ameshakula pesa yangu akisema ni kabureta. Huyu kijana hakufungua kitu kwanza, aliisikiliza, akakaa chini pale upande wa magneto, inayotoa umeme wa injini, akasema "inavuta hewa kwa sili za krenki", yaani zile raba zinazoziba hewa kwenye shafti ya injini, na ndivyo ilivyokuwa. Sili ya zamani akaipima kwa venia, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, akaandika kwenye boksi la sigara akaenda soko la spea la Kisekka akarudi na sili ya saizi hiyo hiyo, ya mashine gani sijui na haina shida. Pointi za kutoa cheche akazipima nafasi yake kwa fila, inchi 0.015 kama Mzee. Sasa inawaka kwa kiki ya pili na inanguruma taratibu mpaka raha. Kwa injini nampa tano kwa tano.

Umeme hapana. Alitaka kung'oa nyaya zote za volti 6 aweke mambo ya Boxer, eti taa itawaka vizuri zaidi. Itawaka ndio, lakini mimi sitaki, na Mzee angemfukuza. Halafu muda, akikwambia Ijumaa wewe jua ni Jumanne, simu hapokei, risiti hakuna, na bei imepanda bila mtu kuambiwa. Mzee pia hakuwa na risiti ila bei yake ilikuwa ile ile miaka nenda rudi, sijui alikuwa anakula nini.

Siku ya mazishi tuliongozana na pikipiki nyuma ya gari la maiti mpaka kijijini, wanaboda wa steji nao wakaja wengi wakipiga honi, na katikati ya safari Royal Enfield ya mwenzetu ikazima. Basi gari likatangulia sisi tumebaki barabarani tumevaa suti na kanzu tunafungua plagi, na aliyeleta spana ni huyo huyo kijana, alikuwa amebeba begi la Mzee. Nadhani hapo ndipo wengi wa klabu waliamua kumpelekea kazi.

Kwa hiyo injini, klachi na gia mpe. Umeme kaa naye pale pale uangalie anachokata. Mlipe nusu, nusu nyingine ukishaipanda mwenyewe mpaka Clock Tower na kurudi. Oili ya kuchanganya na petroli nenda na yako, aliyonayo siiamini. Jumamosi nenda asubuhi, mchana kuna mpira, utakuta gereji imefungwa.